Mikono ya Binti Yangu Haikuwa Ikiomba

"Lakini si mlikula?"

Hayo ndiyo maneno yaliyonimaliza. Aliyasema mtu niliyemwita rafiki, kwenye simu, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, akicheka kile kicheko cha mtu anayekuona unakuza mambo madogo. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jiko mlangoni kwangu, Kianda ya Kibera, unga umenifika viwikoni, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Chapati moja ilikuwa kwenye kikaango. Niliitazama ikifura, ikashika madoa, ikaanza kutoa moshi, na sikuigeuza. Mimi, mtu anayekula kwa kuuza chapati.

"Umesema nini?"

"Siz, si nasema tu ukweli. Mlikuja, mlikula, mtoto akafurahi. Picha ni picha tu. Watu wameipenda mpaka wakaniomba niirudishe. Wewe ungekuwa mtu wa shukrani, hata..."

Kuku wa kwenye hiyo picha alikuwa wangu! Mama mdogo ndiye aliyemtuma kutoka ushago, kijijini kwetu, akiwa hai, ndani ya katoni iliyotobolewa matundu ya kupumulia. Mume wangu alimchinja kabla ya kwenda lindo, nikamnyonyoa mimi, nikampika mimi, nikampakata kwenye boda boda mpaka Kawangware, mapaja yakiungua. Chapati zilikuwa zangu pia. Halafu mtu ananiuliza kama sikula.

Nikakata simu. Jirani yangu, mama anayeuza omena mlango wa pili, ndiye aliyekuwa ameniletea hiyo picha kwenye simu yake dakika chache kabla. Alikuwa bado amesimama hapo.

"Yawa! Hiyo chapo inaungua, wewe! Umeanza kuuza makaa?"

"Niangalizie mtoto."

"Unaenda wapi na hiyo unga yote kwa mikono?"

"Kabiro, kule Kawangware."

Aliondoa kikaango motoni kwa pindo la leso yake, akaniambia nisimpige mtu mbele ya geti la watu wenye mbwa.

Najua inavyosikika. Mwanamke mzima anavuka mtaa kwenda kugombana juu ya picha ya kwenye simu. Kwa hiyo nianzie pale ilipoanzia.

Mimi na huyo rafiki tulikutana kwenye grupu ya simu ya akina mama wanaopenda kupika. Mimi nilikuwa naweka picha za chapati za asubuhi, zile ninazouzia wanafunzi na mafundi upande wa Olympic. Siku moja mtu akaandika chini ya picha: "Siz, hizi tabaka umefanyaje? Zangu zinatoka kama mkanda wa askari." Nikacheka peke yangu. Nikamjibu kwamba anakandia maji baridi na hana subira, unga unataka maji ya uvuguvugu, kisha ufunikwe upumzike. Kesho yake akatuma picha ya chapati zilizoiva vizuri, na sauti yake ikipiga kelele za furaha. Basi tukawa watu wa kutumiana sauti. Asubuhi nikikanda, jioni nikiosha vyombo. Yeye Kawangware, mimi Kibera, karibu miaka miwili bila kuonana uso kwa uso.

Watu huniuliza, kwani alikuibia nini? Sasa wacha niseme nilichompa. Nilimsimulia siku tuliyomzika mama yangu, na jinsi nilivyorudi Nairobi na mwiko wake wa mbao ndani ya mkoba badala ya nguo. Nilimwambia mambo ambayo mume wangu hajui. Yeye naye akanipa yake. Kwamba amepanga chumba kimoja Kabiro na mtoto wake wa kiume. Kwamba baba ya mtoto alihepa. Kwamba mvua ikinyesha anasogeza kitanda. Nilimwombea. Kanisani, kwa sauti, nilimwombea mtu ambaye kitanda chake hakijawahi kusogezwa.

Krismasi iliyopita hatungeweza kwenda ushago. Mume wangu ni mlinzi, na matajiri wakisafiri Krismasi ndipo mlinzi hapewi ruhusa. Nilimwambia yule rafiki yangu nitakula sikukuu na binti yangu tu, ana miaka mitano, na kuku mzima kwa watu wawili ni huzuni. Akajibu papo hapo: "Leteni hiyo kuku huku! Nitapika mukimo. Mtoto wako ajue shangazi yake." Nilifurahi hadi nikamwambia kila mtu wa ploti. Jirani wa omena akaguna. "Mtu wa simu? Ukifika upate ni mwanamume mwenye ndevu, usinipigie mimi."

Lazima nieleze kitu kimoja cha kwetu, la sivyo hamtaelewa alichokifanya.

Kwetu, magharibi, mgeni wa heshima akipikiwa kuku anapewa kuku aliyekamilika. Kipande kikikosa, umemtukana. Na firigisi, ambayo sisi tunaiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Haigusi mtu mwingine. Mtoto wa kike ndiyo kabisa, hata kuitazama sana ni utovu wa adabu. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Krismasi ya kwanza bila yeye, baba mkubwa alikuja, akakalia kiti cha baba, akaegemea, akangojea imondo. Chapati zilikuwa zimepangwa kwenye ungo, zimefunikwa kitambaa, zile chapati za mara moja kwa mwaka ambazo harufu yake ilituamsha tangu alfajiri. Mama akachota imondo kwa mwiko, akapita mbele ya baba mkubwa kama anayepita mbele ya kabati, akaniita mimi.

"Fungua mikono."

Nikafungua yote miwili, nikaiunganisha, viganja juu. Akaweka kipande cha chapati kwanza ili nisiungue, kisha imondo juu yake.

"Sasa unamlisha msichana imondo?" baba mkubwa akauliza.

"Shemeji, hii nyumba ina wenyewe. Huyu ni mmoja wao. Kama una njaa, shingo iko."

Hakuna aliyegusa chakula mpaka nikauma. Tangu hapo, kila Krismasi na kila Pasaka, mama alifanya hivyo hivyo, hata nilipokuwa msichana mkubwa wa sekondari ninayeona aibu. Ile mikono miwili ilikuwa na maana moja tu: nyumba hii ni yako, pokea. Nilipopata binti, nilianza naye mara alipojua kukaa wima. Alikuwa anaingoja hiyo mikono kuliko hata gauni la sikukuu. Wiki nzima anafanya mazoezi na kokoto.

Basi siku ya Krismasi, boda boda ikasimama Kabiro mbele ya geti la chuma lililopakwa rangi mpya. Nyuma yake ghorofa ya mawe, nguo za wapangaji zikining'inia kila upande. Nikadhani tumepotea. Nikampigia. Mlango mdogo wa geti ukafunguka, akatoka mbio, akanikumbatia na sufuria yangu katikati yetu.

"Siz! Hatimaye! Kumbe wewe ni mfupi kuliko sauti yako!"

"Na nyumba yako ni ndefu kuliko maneno yako," nikasema.

Akacheka sana. "Aa, hii ni ya buda, babangu. Ploti ni zake. Mimi nina kachumba tu huko juu."

Hako kachumba kalikuwa na sebule, na jikoni, na dirisha linaloona mabati ya nusu ya Kawangware. Nilisimama hapo nikitafuta mahali panapovuja. Nikamuuliza, taratibu, kitanda kinachosogezwa kiko wapi. Akanishika mkono. "Usikasirike. Kwenye grupu ukisema una maisha mazuri, watu wanakuchukia. Lakini upweke wangu ulikuwa wa kweli, siz. Huo haukuwa uongo." Nikaumeza. Ilikuwa Krismasi, mtoto alikuwa ananivuta sketi, kuku alikuwa anapoa.

Mama yake alikuwepo, mwanamke mnene wa sauti ya chini, anasonga mukimo kwa nguvu kama anayemalizana na mtu. Alifunua leso kwenye sufuria yangu akavuta pumzi.

"Ĩ, mami! Hii kuku inanukia moshi. Mlichoma kwanza?"

"Tunapitisha motoni kwanza, mama, halafu ndiyo tunachemsha. Kitunguu, nyanya na chumvi, basi. Mama yangu alisema viungo ni vya kuku mgonjwa."

Aliangua kicheko. "Basi zile za hapa zote ni za wodini!" Nilimpenda papo hapo. Akanionjesha mukimo kutoka kwa mwiko wake, wa viazi na mahindi na majani ya malenge, nami nikamwonjesha mchuzi wangu, na tukaambiana siri za majikoni kama watu waliojuana tangu utoto. Alinyonya mfupa wa paja langu, nasema wa kuku wangu, mpaka ukatoa mlio.

Rafiki yangu alikuwa anazunguka. Simu yake ilikuwa imesimama kwenye vile viguu vitatu, inatazama meza. "Kumbukumbu tu," akasema. Kuna vitu viwili alivifanya ambavyo nilivichukua kama wema. Alihamisha kuku wangu kutoka kwenye sufuria yenye masizi, akampanga kwenye bakuli lake kubwa jeupe. Na alimvua binti yangu gauni lake jekundu la Krismasi. "Atalichafua na supu, wacha nimpe kitu cha kuchezea." Akamvalisha fulana kuukuu ya kijana wake, imechakaa shingoni, inamfika magotini. Nikasema asante. Jamani, nilisema asante.

Ukafika wakati wa imondo. Binti yangu akajua mwenyewe, akaja mbele ya meza, akafungua mikono. Nilikuwa nimeshamweleza rafiki yangu habari yote, mama, baba mkubwa, shingo, kila kitu, kwenye sauti moja ndefu wiki iliyotangulia. Aliniambia alilia akiisikiliza. Nikachukua mwiko, naye akanishika kifundo cha mkono.

"Niache nimpe mimi leo. Si mimi ni shangazi?"

Mama yangu hakuwahi kumwachia mtu hiyo kazi. Mimi nikamwachia. Niliona ni heshima kubwa kuliko zote ninazoweza kumpa mtu, nikampa. Akachota imondo kutoka bakuli lake jeupe, bangili zake zikilia, akaiweka kwenye viganja vya mtoto wangu. Mtoto akainua macho akamtazama, akauma. Tukapiga makofi.

Shule zilipofunguliwa Januari, jirani wa omena alikuja mlangoni, hajatania, hajakaa.

"Huyu si mtoto wako?"

Ilikuwa ni video fupi. Mtoto amevaa fulana iliyochakaa, viganja juu, macho makubwa. Mkono wenye bangili unashuka na kipande cha nyama. Bakuli jeupe limejaa. Mimi sipo, amenikata, umebaki ukingo wa kiwiko changu tu. Juu yake ameandika: "Mtoto huyu wa Kibera hakuwa ameonja nyama mwaka mzima. Leo Krismasi imemfikia. Asanteni mnaoniunga mkono kulisha wasiojiweza." Chini yake, watu wengi sana, wanalia, wanambariki, wanauliza watume wapi unga na mafuta ya kupikia. Nao walikuwa wanatuma. Alikuwa na ukurasa mwingine kabisa, nje ya grupu yetu, wa kulisha maskini. Sikuwahi kuambiwa kuna huo ukurasa. Miaka miwili ya sauti asubuhi na jioni.

Nilimpigia papo hapo. Alilia. Alisema yeye bado ni yule niliyemsimulia habari za mama yangu, si mtu mbaya, ni watu walimsukuma, ukurasa ulikuwa umelala, alihitaji kitu cha sikukuu. "Naitoa sasa hivi, siz. Naapa." Akaitoa kweli. Nikayaacha hapo, maana nilitaka sana yaishe.

Lakini shule ilikuwa imeona. Watoto darasani kwa binti yangu wakaanza kumfungulia viganja akipita: "Auntie, naomba nyama!" Mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, akawa anamwongezea uji kikombe cha pili mbele ya wenzake. Mwanamke mmoja wa kanisa akaniletea unga mlangoni, pakiti mbili, akanishika bega: "Tuliiona ile video, mama. Usione haya." Kuona haya kwa nini? Wateja nao. Fundi mmoja ninayemuuzia kila asubuhi alichukua chapati zake akasema, "Hizi ni za kuuza ama ni za msaada?" Wenzake wakacheka. Nilimrudishia pesa zake nikachukua chapati zangu. Kila usiku binti yangu ananiuliza, "Mama, sisi huwa hatuli?" Na amelala ameshiba.

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo Pasaka ilipofika na picha ikarudi. Safari hii haikuwa video, ilikuwa mikono peke yake na uso, imekuzwa, ina maandishi ya rangi: "Pasaka hii, usiwasahau." Ndiyo iliyonifanya nimpigie. Ndiyo hiyo aliyonijibia "si mlikula?"

Kabiro nilifika na unga umekauka mikononi kama plasta. Alitoka getini akaniona, na kabla hajanisalimia akainua simu.

"Usinirekodi."

"Ni ya usalama wangu. Umekuja na hasira."

"Nimekuja na miguu. Hasira umeniletea wewe nyumbani. Toa hiyo picha."

"Unajua imelisha watoto wangapi? Watoto wa kweli, wana njaa ya kweli? Wewe unafikiria tu jina lako."

"Kama wako na njaa ya kweli, si ungewapiga picha wao?"

Akaigeukia simu yake, akasema kwa sauti ya kwenye ukurasa, ile tamu: "Wapendwa, huyu ni mmoja wa tuliowasaidia. Msichoke kutenda mema." Mbele yangu! Wapangaji wakaanza kutoka kwenye ngazi. Mama yake akatoka pia, amejifunga kitambaa cha kichwa, akauliza kuna nini. Nikamwonyesha. Alisogeza simu mbali na macho, akaitazama muda mrefu.

"Lakini kuku si alileta yeye?" akamuuliza binti yake.

"Mum, wewe hujui hizi vitu. Ni ya ukurasa tu."

"Mama," nikamwambia yule mzee, "wewe ulikuwepo. Ulinyonya mfupa mbele yangu ukacheka. Sema hapo kwa hiyo simu, nani alipika. Ni hicho tu nataka. Sema niende."

Akamtazama binti yake. Akatazama wapangaji wake kwenye ngazi. Akanishika mkono wangu wenye unga kwa upole, na huo upole ndio sitausamehe.

"Mami, ingia unywe chai. Haya ni mambo ya simu, yatapita. Mimi sipendi kesi."

Nilitoa mkono wangu. Nilirudi Kibera kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na wote wawili nilikuwa nimewapoteza, yeye na mama yake, na kwa kweli mama yake aliniuma zaidi.

Jioni hiyo niliandika kwenye grupu. Niliandika vizuri, bila tusi, nikaweka picha mbili, ile yake na moja niliyopiga asubuhi ya Krismasi kabla hatujaondoka nyumbani, binti yangu amevaa gauni jekundu, mikono kiunoni, nyuma yake sufuria. Nilingoja. Niliona wanasoma. Wanawake niliowafundisha kukanda, mmoja nilimwelekeza usiku kucha keki ya harusi ya dada yake ilipokataa kuumuka. Msimamizi wa grupu akaandika: "Hapa ni mapishi tu. Mambo ya kibinafsi mmalizie pembeni." Nikajibu kwamba kuku wangu ni mapishi. Akanitoa.

Mmoja alinitumia ujumbe pembeni. "Pole sana. Sisi tulijua kitambo kwao wanajiweza na ana ule ukurasa. Tulidhani mmekubaliana." Walijua! Nilikuwa nimekaa miaka miwili kwenye chumba kimoja na watu, kila mtu anajua isipokuwa mimi, na wote wananiuliza chapati.

Jumapili ya Pasaka nilipika hata hivyo. Niliona nikikosa kupika atakuwa amenichukulia na sikukuu. Mume wangu alikuwa nyumbani, kwa mara ya kwanza baada ya sikukuu nyingi. Kuku alipitishwa motoni, akachemshwa, chapati zikapangwa. Nikachota imondo kwa mwiko wa mama.

"Haya, fungua mikono."

Binti yangu akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Njoo, imondo yako hii."

Akatazama mlangoni. Akatazama juu ya kabati. "Mama, kuna simu?"

Nilizima simu yangu mbele yake, nikamwonyesha kioo cheusi. Baba yake akazima yake. Nikafunga mlango na pazia, tukawa gizani saa saba mchana. Akatikisa kichwa. "Weka kwa sahani," akasema. Nikaweka kwa sahani. Akaila kwa uma, haraka, bila kututazama, kama dawa.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha ploti, kwa sababu nyumba ya chumba kimoja haina mahali pa kulilia. Mume wangu akanifuata.

"Achana nao. Watu husahau."

"Nani atasahau? Huyo mtoto umemwona amesahau?"

Akachuchumaa karibu nami. Si mtu wa maneno. "Basi usiende kupiga mtu. Wewe ndiye ulimaliza fomu foo hapa. Kiswahili chako mpaka walimu walikuwa wanasoma insha zako darasani, si uliniambia? Andika."

Sikukuu zilipoisha nilienda ofisi ya utawala ya mtaa. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kama nilipigwa, kama kitu changu kimechukuliwa. Nikasema kimechukuliwa, nikamwonyesha. Aliitazama ile picha, akaondoa miwani. Akasema yeye anashughulikia mipaka na vurugu, lakini kuna ofisi ya serikali ya kulinda habari za watu binafsi, na picha ya mtoto haiwezi kurushwa hewani bila ruhusa ya mzazi. "Andika kila kitu, mama. Na usiandike matusi, watakusoma vizuri zaidi." Niliandika kwa mkono mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na matusi. Hii ya tatu ndiyo niliyoipeleka mwenyewe kwenye hiyo ofisi ya serikali, ikapigwa muhuri mbele yangu:

KUH: KUTUMIWA KWA PICHA YA MTOTO WANGU BILA RUHUSA NA KWA MAELEZO YA UONGO

Mimi ni mama mzazi wa mtoto wa kike wa miaka mitano, mkazi wa Kianda, Kibera. Nalalamika dhidi ya mwanamke mkazi wa Kabiro, Kawangware, ambaye jina lake na anwani ya ukurasa wake nimeziandika kwenye karatasi ya pili.

Siku ya Krismasi nilialikwa kwake kama rafiki. Nilikwenda na chakula nilichokipika mimi. Mlalamikiwa alimrekodi mtoto wangu akiniambia ni kumbukumbu ya nyumbani. Kabla ya kumrekodi alimvua nguo zake nzuri na kumvalisha kuukuu. Sikuombwa ruhusa ya kuichapisha video hiyo, wala sikuitoa. Aliichapisha akidai mtoto wangu alikuwa hajala nyama mwaka mzima na kwamba chakula kile ni msaada wake. Hayo yote ni uongo. Nilipomwomba aiondoe aliiondoa, kisha akairudisha Pasaka ikiwa picha, akijua sitaki.

Katika picha mtoto amefungua mikono miwili. Naomba ofisi yako ielewe kwamba haombi. Katika familia yetu mtoto hupokea hivyo sehemu ya kuku inayopewa mwenye nyumba, kwa heshima, mbele ya watu wote. Nilijifunza kwa mama yangu. Mlalamikiwa alikuwa anajua, kwa sababu nilimweleza mimi mwenyewe kabla ya siku hiyo. Tangu picha isambae mtoto wangu anachekwa shuleni, na amekataa kufungua mikono yake kupokea chochote kutoka kwa mtu yeyote, hata mimi.

Naomba picha na video ziondolewe kila mahali alipoziweka, na azifute kwenye simu yake. Naomba aandike kwenye ukurasa huohuo, kwa herufi za ukubwa uleule, kwamba mtoto huyu alikuwa mgeni wake, na kwamba chakula kilipikwa na mama yake. Siombi pesa. Siombi tupatanishwe.

Nimeambatisha nakala za picha mbili kama ushahidi, ile aliyoichapisha na ile niliyompiga mtoto asubuhi hiyo akiwa na gauni lake. Uso wa mtoto nimeufunika kwa kalamu nyeusi, kwa sababu hata ofisi yako sijaipa ruhusa ya kuuona.